Fundi, mbona tindo langu limevunjika kama sahani?

Toleo lililopita nilijibu swali dogo la kunoa visu nikagusia mstari mmoja tu kwamba kisu hakikai na makali kama hakikutiwa matiko sawasawa, basi hapo ndo nikawa nimechokoza mzinga wa nyuki. Meseji zimeingia mpaka nimezima mlio wa simu. Wengine wanauliza matiko ni nini (ni ule ugumu ambao chuma kinaupata kikipikwa motoni kikazimwa, wazee wakikwambia kisu hiki hakina matiko wana maana kinapinda kama bati), wengine wametuma picha za vyuma vilivyovunjika kabisa. Nimechagua machache, mengine nimeyafupisha maana kuna watu wanauliza swali kama wanatoa hotuba, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mengine yote yanaegemea hapo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo mtaa wa Gerezani hapa Dar, nafanya kazi za vyuma mwaka wa tatu huu. Nilipata kipande cha springi ya lori, zile bapa zinazopangwa moja juu ya nyingine, nikakata nikatengeneza tindo. Nikaliweka kwenye makaa na feni inapuliza mpaka likawa jeupeee, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tupa ikawa inateleza juu yake haikamati kabisa, nikajua hapa nimepatia. Kupiga nyundo ya kwanza tu kwenye boliti iliyoshika kutu, pwaa, ncha imevunjika kama sahani ya udongo na kipande kimenipita karibu na sikio. Tatizo ni chuma au ni mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mshukuru Mungu kimepita sikioni, kingehama kidogo tu sasa hivi tungekuwa tunaongelea jicho, miwani ya kazi nunua leo hii usisubiri mwisho wa mwezi. Jibu lenyewe ni kwamba chuma hakina kosa, ni wewe. Tena umechagua vizuri kuliko mafundi wengi, springi ya lori kwa kawaida ina kaboni kama asilimia 0.6 hivi, hicho ni chuma cha tindo kabisa. Ulichokosea ni moto, na maji, na haraka.

Chukua hicho kipande kilichovunjika ukiangalie juani pale kilipokatikia. Sijakiona ila nakwambia utakuta punje punje zinametameta kama umemwaga sukari. Chuma kilichopikwa kwa kipimo kikivunjika, uso wake unakuwa wa kijivu kilichotulia, kama saruji iliyokauka, punje huzioni kwa macho. Hizo zinazometa ni fuwele za chuma, yani vijumba ambavyo chuma kimejengwa navyo, na wewe umevipika mpaka vikamezana vikawa vikubwa. Ufa unapenda sana vijumba vikubwa kwa sababu unapita moja kwa moja, haukutani na kona nyingi za kuuchosha.

Sasa ndani ya kila kijumba atomi za chuma zimejipanga kwa mistari. Chuma kikiwa baridi mpangilio wake umebana, kaboni haipati pa kukaa, inayoweza kuingia haizidi asilimia 0.02 hivi. Ukikipasha ukavuka digrii 727 na kuendelea, atomi zinavunja mpangilio wa zamani zinajipanga upya, na hapo chuma bado hakijayeyuka, bado unakishika na koleo kama kawaida, ila ndani kwa ndani nyumba imejengwa nyingine. Nyumba hii mpya ina vyumba vya kaboni, ikipata joto la kutosha inabeba mpaka asilimia 2, mara 100 ya ile ya kwanza. Wataalamu wanaiita ostenaiti, jina limetokana na Mwingereza mmoja William Roberts-Austen. Springi yako ilipokuwa nyekundu ilikuwa katika hali hiyo na kaboni yake yote imeshaingia ndani imetulia.

Kinachofuata kinategemea unaipoozaje, na hapa ndo utamu wa kazi hii ulipo maana chuma ni kile kile, hujaongeza kitu, hujapunguza kitu. Ukikiacha kipoe polepole ndani ya majivu, nyumba ya zamani inarudi taratibu na kaboni inapata muda wa kutoka na kujitafutia mahali pake, inatengeneza matabaka membamba sana, moja laini moja gumu, moja laini moja gumu, kama chapati iliyokunjwa vizuri ikachambuka. Hiyo ni pelaiti, na jina lake linatokana na lulu kwa sababu uso wake ukisuguliwa na kutiwa asidi unang'aa rangirangi kama ganda la lulu, Henry Sorby wa Sheffield ndo alikuwa wa kwanza kuangalia chuma namna hiyo kwa hadubini miaka ya 1860. Chuma chenye pelaiti kinakatika na msumeno, kinatoboleka, kinapinda.

Ukikitumbukiza kwenye maji, kaboni haipati muda wa kutoka. Nyumba inataka kurudi ya zamani na kaboni bado imo ndani. Fikiria daladala ya Mbagala saa 12 jioni, kondakta kafunga mlango na wewe umebaki mguu mmoja juu, mkono mmoja dirishani, huwezi kugeuka na waliokuzunguka nao hawawezi kugeuka kwa sababu yako. Hiyo hali inaitwa matensaiti, jina la Mjerumani Adolf Martens. Chuma kinapopinda maana yake mistari ya atomi inateleza, huu unapita juu ya ule, sasa kila mahali kuna kaboni imebanwa njiani hakuna mstari unaoweza kuteleza, ndo maana tupa yako ilishindwa kukamata. Lakini jiulize, kitu kisichoweza kuteleza hata kidogo kikipigwa nyundo kitafanya nini? Hakina namna nyingine, kinapasuka. Watu wengi wanachanganya ugumu na ustahimilivu wakidhani ni kitu kimoja, kioo ni kigumu kuliko panga, nani anakatia kuni na kioo?

Tena kuna jambo lingine. Matensaiti inachukua nafasi kubwa kidogo kuliko ostenaiti, yani chuma kinavimba kidogo wakati kinageuka, na kwa chuma kama chako kugeuka kunaanza joto likiwa limeshashuka mpaka digrii 300 hivi kwenda chini. Nje inageuka kwanza inakuwa ngumu kama jiwe, halafu ndani nako kunageuka kunataka kuvimba na nje haikubali. Ukisikia mlio mdogo ndani ya ndoo, tik, hivyo hivyo kama kucha kwenye glasi, jua ufa umeshaingia hata kama huuoni. Kwa springi mimi siwezi kutumia maji kabisa, natumia mafuta, yale ya kupikia yanatosha, nayapasha kwanza yawe vuguvugu ya kuelekea moto, digrii 50 au 60, maana yakiwa baridi ni mazito hayakizunguki chuma vizuri. Mafuta yanapooza haraka joto likiwa bado juu na yanapunguza kasi joto likishuka chini ambako ndo kuna hatari. Oili chafu ya gari najua ipo ya bure gereji, ila moshi wake una kila takataka ya injini na unauvuta wewe. Tumia ndoo ya chuma sio ya plastiki, mfuniko uwe karibu, na usiinamie.

Sasa rudia hivi. Kata ncha ya zamani yote, usijaribu kuiokoa. Pasha taratibu na uwe na sumaku pembeni, toa spika yoyote iliyokufa utaipata. Kila mara gusisha, ikifika karibu digrii 770 sumaku inaacha kushika chuma, kinakuwa kama mbao tu kwake. Ongeza moto kidogo baada ya hapo, rangi iwe nyekundu inayoanza kuelekea chungwa ukiiangalia kivulini (sio juani, juani macho yanakudanganya unapitiliza), basi simama hapo. Kwa kuwa chuma chako kilishaungua, mara ya kwanza usikizime, kitoe kipoe chenyewe hewani mpaka weusi urudi, rudia hivyo mara 3. Kila kikivuka lile joto la kujenga nyumba mpya, vijumba vipya vidogo vinazaliwa ndani ya vile vikubwa, ndo dawa ya ile sukari.

Halafu kuzima. Wazee wana njia moja ya tindo ambayo mimi naipenda kuliko tanuri lolote. Pasha kama sentimita 6 za ncha, zamisha sentimita 3 tu kwenye mafuta, huku ukichezesha juu chini kidogo kidogo usije ukaacha mstari mkali ambapo chuma kitakatikia, toa, futa, sugua haraka upande mmoja na msasa au kipande cha tofali mpaka ung'ae. Usikimbie, tazama. Moto uliobaki kwenye shingo unatembea kuelekea kwenye ncha na rangi zinatembea nazo, kwanza njano kama majani makavu, hapo ni digrii 220 hivi, halafu kahawia kama 255, halafu zambarau 275, halafu bluu karibu na 300. Zambarau ikigusa makali tu, zima tindo zima. Rangi hizo ni ngozi nyembamba ya kutu inayonenepa kadiri joto linavyopanda, chuma chenyewe hakina rangi hiyo, ila ngozi hiyo inakupimia joto bila kipimajoto.

Huku ndo kutempa, kurudishia moto kidogo, na ndo hatua uliyoiruka. Joto hilo dogo linairuhusu kaboni ijisogeze kidogo, abiria mmoja mmoja anashuka kituoni, waliobaki wanapata pumzi. Ugumu unapungua kidogo na ustahimilivu unapanda sana. Patasi ya seremala iishie kwenye njano kwa sababu inasukuma mbao tu, tindo zambarau kwa sababu linapigwa, na springi yenyewe ilipokuwa kwenye lori ilirudishiwa moto mwingi zaidi, digrii 400 na kitu, inapita hizo rangi zote. Upande wa kichwa unakopiga nyundo uache laini kabisa, usiuzime ukiwa mwekundu, kichwa kigumu ndo kinarusha vipande. Na ukishazima usiseme utatempa kesho asubuhi, chuma kilicholala na matensaiti mbichi kinaweza kupasuka chenyewe usiku juu ya meza.

Usijisikie vibaya. Mimi nikiwa najifunza kwa mzee mmoja nilivunja patasi 2 siku moja kwa kosa hilo hilo, mzee hakunigombeza hata neno, mwisho wa wiki akanikata hela ya patasi zote mbili, na ile ya pili nahisi aliiongezea bei.

SWALI: Sasa mzee, habari ya kazi. Mimi ni wa jua kali hapa Kamukunji, Nairobi. Hiyo kitu ya kupasha na kuzima nimejaribu na nondo kama mara 10 hivi. Nimetumia maji baridi, maji ya chumvi, hadi kuna mzee mmoja hapa akaniambia nitumie mkojo. Wapi! Tupa bado inakula tu. Shida iko wapi, na hiyo maneno ya mkojo ni ya ukweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Nianze na mkojo maana najua ndo wote mnasubiri hapo. Mkojo ni maji yenye chumvi, basi, hauna uchawi wala uhunzi. Maji ya chumvi kweli yanapooza haraka kuliko maji matupu, kwa sababu chuma chekundu kikiingia kwenye maji kinajifunika blanketi la mvuke na blanketi hilo linazuia maji yasikiguse, chumvi inalipasua pasua blanketi. Kwa hiyo mzee wako hajadanganya, ila chumvi ya jikoni inafanya kazi hiyo hiyo na hainuki.

Shida yako haiko kwenye ndoo. Nondo na vyuma vingi vya madirisha na mageti vina kaboni kidogo sana, asilimia 0.2 au chini ya hapo. Daladala ina abiria wawili, hata ukifunga mlango kwa nguvu namna gani nani atabanwa? Itakuwa ngumu kidogo kuliko mwanzo lakini sio ya kuishinda tupa. Kabla ya kupoteza makaa peleka chuma chochote usichokijua kwenye grainda uangalie cheche, hii haihitaji maabara. Chuma cha nondo kinatoa michirizi mirefu iliyonyooka yenye vichipukizi vichache, chuma chenye kaboni nyingi kama tupa iliyochakaa kinatoa cheche fupi zinazopasuka pasuka kama fataki za Idi. Uwe na tupa kuukuu na kipande cha nondo pembeni kwa kulinganisha, wiki moja tu jicho linazoea.

Kama huna chuma kingine unaweza kuilisha nondo kaboni. Iweke kwenye boksi la chuma, izungushie makaa yaliyotwangwa pande zote, changanya na magadi makavu kidogo, kama asilimia 5 hadi 10 ya makaa, maana magadi yanasaidia gesi ya kaboni kutoka kwa wingi. Ziba boksi kwa udongo wa mfinyanzi, peleka kwenye moto wa digrii 900 na kitu, likae humo saa 4 baada ya boksi lenyewe kuwa jekundu mpaka ndani, sio saa 4 tangu uwashe. Utapata ngozi ya kama milimita 1 iliyoshiba kaboni, halafu unazima kama kawaida. Ngozi inakuwa ngumu, moyo unabaki laini, na hiyo ni bora kuliko ugumu wa mpaka ndani kwa vitu kama pini na gia. Ila usidhani ukikaa saa 8 utapata milimita 2, haiendi hivyo, kaboni inavyozidi kuingia inachelewa, ukitaka unene mara 2 unasubiri mara 4.

Hilo la kulisha chuma kaboni sio geni kwetu kabisa. Wahaya wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wanatoa chuma chenye kaboni ya kutosha moja kwa moja tanurini, shimo la chini wanalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa mkaa, na mabaki ya matanuri yaliyochimbuliwa kule ni ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Miaka ya 1970 wazee waliokuwa bado wanakumbuka walijenga tanuri upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, kikatoka chuma kweli, na watafiti wakakiandika 1978. Kwa hiyo mtu akikwambia uhunzi wa chuma kizuri uliletwa na meli, muulize meli gani ilifika Bukoba enzi hizo.

SWALI: Habari fundi. Mimi sio mtu wa vyuma, ni mwalimu, najenga kibanda changu hapa Dodoma. Nilinunua nondo za milimita 16 nikaambiwa ni TMT. Jana nimemkuta fundi amewasha moto wa magogo anazichoma pale anapotaka kuzikunja, anasema zinapinda kirahisi na zikipoa zinarudi nguvu yake. Roho imesita. Ni sawa?

JIBU: Salama mwalimu, roho yako imesita mahali pake, msimamishe leo.

Nondo ikiitwa TMT maana yake tayari imeshatiwa matiko kiwandani, na ni kazi ya akili sana. Nondo ikitoka kwenye mashine ya mwisho ikiwa nyekundu, digrii kama 950 au 1,000, inapitishwa kwenye bomba la maji ya kasi kwa muda mfupi mno. Ngozi inazimika inakuwa matensaiti, moyo bado unawaka. Ikitoka kwenye maji, joto la moyo linatoka nje linaitempa ngozi lenyewe, bila tanuri, bila kuni. Moyo nao unapoa polepole juu ya meza unabaki laini wenye pelaiti. Ukiikata ukaisugua na kuitia asidi unaona pete nyeusi kuzunguka kitovu cheupe, kama yai lililochemshwa ila rangi zimegeuzwa. Pete hiyo ndo inayoifanya iitwe nondo ya 500, yani inahimili newton 500 kwa kila milimita mraba kabla ya kuanza kulegea moja kwa moja, na bado inapinda bila kukatika.

Fundi wako akiichoma mpaka ikawa nyekundu halafu ikapoa yenyewe, pete imefutika. Pale kwenye kona, penye kazi kubwa, una nondo ya kawaida wakati mchoro wa nyumba unahesabu nondo ya 500. Nguvu hairudi ikipoa, iliyorudi ni ugumu wa chuma baridi tu, ndo kinachomdanganya akiigusa. Na akiimwagia maji ikiwa nyekundu nako hairudi ile kazi ya kiwandani, hapo ameweka chuma asichokijua nguvu yake ndani ya nguzo yako.

Nondo inakunjwa baridi, kwa mashine au kwa meza yenye pini, na pini isiwe nyembamba. Mpaka milimita 16 kipenyo cha pini kisipungue mara 4 ya unene wa nondo, yani kwa zako ni milimita 64, zile nene zaidi ni mara 7. Zilizokwisha chomwa zitoe, zitumie mahali pasipobeba mzigo, uzio wa kuku kwa mfano.

SWALI: Kaka fundi, mimi mama lishe wa Tanga. Kisu changu cha samaki kilikuwa kinakata mpaka mfupa. Amepita kijana na mashine ya kunolea, kanoa kwa kasi cheche zinaruka, makali yakabaki na rangi ya bluu bluu. Siku ya kwanza kikakata vizuri, siku ya pili butu, nanoa kila siku sasa. Kimerogwa?

JIBU: Hakijarogwa dada, kimeungua. Soma jibu la kwanza pale kwenye rangi utaelewa, makali ni membamba kama karatasi kwa hiyo joto halina pa kukimbilia, sekunde chache tu yanafika bluu na kupita, na kisu kilichofika huko kimeshapoteza ugumu wake pale ulipo ukingo. Uzuri ni kwamba kilichoungua ni milimita moja au mbili, huko nyuma chuma ni kizima. Nunua jiwe la kunolea, tia maji, sugua taratibu mpaka sehemu yote ya bluu iishe, itakuchukua jioni nzima ukiwa unapiga stori, baada ya hapo kitarudi. Na kijana akipita tena mwambie achovye kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja, akikataa mnyime kisu.

SWALI: Mkuu, mimi fundi friji Mwanza. Bomba la kopa likiwa gumu likipasuka wakati wa kutanua mdomo nalipasha moto. Mwenzangu ananiambia nisilitie kwenye maji litakuwa gumu kama chuma, mwingine anasema tia. Nani mkweli? Na aluminiamu je?

JIBU: Tia tu, mkuu. Kopa haina ile tabia ya kubadilisha nyumba ikipata moto, mpangilio wake ni mmoja mpaka inayeyuka, na haina kaboni ya kubanwa. Kinachoifanya iwe ngumu ni kukunjwa na kugongwa, mistari ya atomi inavurugika inafungana kama nyuzi zilizosokotana. Ukiipasha mpaka iwe nyekundu iliyofifia, vijumba vipya visivyo na vurugu vinazaliwa, inalainika, na ukiizima kwa maji au ukaiacha hewani ni sawa, maji yanakuokolea muda na yanabandua ule weusi. Ila pasha bomba likiwa tupu kabisa bila gesi, hilo nadhani unalijua kuliko mimi.

Aluminiamu ni hadithi nyingine na ina mtego mmoja mbaya, haiwi nyekundu. Inayeyuka kwenye digrii 660, ukiwa unasubiri ibadilike rangi utashtukia imedondoka chini kama uji. Ujanja wa mafundi ni sabuni, paka sabuni ya mche juu yake, pasha kwa upole, sabuni ikigeuka nyeusi acha moto, imelainika. Zile aluminiamu ngumu za rimu na fremu za baiskeli zenyewe ukizizima kwa maji siku hiyo zinakuwa laini, halafu zinakuwa ngumu baadaye zenyewe zikiwa zimekaa. Hilo aligundua Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906, alizima aloi yake yenye kopa akaipima, akaiacha wikiendi, kurudi Jumatatu kuipima tena kakuta imekuwa ngumu zaidi na hakuna aliyeigusa. Madini yaliyobanwa ndani yanakuwa yanajikusanya vikundi vidogo sana taratibu, na vikundi hivyo ndo vinazuia mistari isiteleze. Ndege nyingi za mwanzo za bati zilijengwa na aloi hiyo.

SWALI: Fundi, lori langu lilikatika springi huku njia ya Mbeya, tukaichomelea na weldi nene kabisa, fundi aliisifia mwenyewe. Kilomita 40 mbele ikakatika tena, na haikukatika kwenye weldi, imekatika pembeni yake sentimita moja hivi. Imekuwaje?

JIBU: Weldi yenyewe haina neno, aliyeumia ni jirani yake. Ukichomelea, pale pembeni springi inafika ule wekundu wa kubadilisha nyumba, na wingi wa chuma baridi ulioizunguka unavuta joto kwa kasi kama maji kwenye ndoo, kwa hiyo fundi wako ametia matiko bila kujua na hakutempa. Mstari mwembamba wa matensaiti mbichi umekaa pale, shimo la kwanza la barabara limeumaliza. Na mbele kidogo ya mstari huo kuna sehemu imepata moto wa kati ikalegea, kwa hiyo una kioo kimekaa jirani na bati kwenye kitu kinachotakiwa kucheza juu chini siku nzima.

Kama ni chuma kingine chenye kaboni nyingi, shafti tuseme, ningekwambia kipashe kwanza digrii 250 au 300 kabla ya kuchomelea, na ukimaliza kifukie kwenye majivu makavu kipoe mpaka kesho. Springi ya lori usichomelee hata kwa njia hiyo. Nunua nyingine, na hiyo iliyokatika usiitupe, nina kijana mmoja Gerezani anatafuta chuma cha tindo.